Mama wa Standard Aikataa Megafoni

Mwavuli wa manjano bado umefungwa na kibanda hakijafunguliwa, lakini Mamie Kalenga yuko kazini tayari. Ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, huku Dilala mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo, mgongo wima, simu ya vitufe sikioni. Betri ya simu hiyo imeshikiliwa na kipande cha mpira wa baiskeli.

"Allô, huku ni standard," anasema. "Tata, mulilala muzuri? Leo mayi itakatika mpaka mangaribi, komite njo banasema vile. Munasikia? Hapana, tata, musiniambie ndiyo tu. Munirudilie vile nimesema."

Upande wa pili mzee wa watu analazimika kurudia ujumbe wote kama mtoto wa darasa la pili. Mamie anasikiliza hadi mwisho, anashukuru, kisha ndipo anapoiondoa simu sikioni. Anavuta pumzi na kubonyeza namba nyingine.

Madereva wa teksi-moto wanaopita humpungia mkono na kumwita Mama Standard. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati standard yenyewe inakufa. Kwa wasiojua, standard ilikuwa chumba cha kuunganishia simu za kampuni ya madini, na Mamie alikaa humo miaka mingi akichomeka na kuchomoa nyaya, akiwakutanisha watu wasioonana.

Leo, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, anauza unite za simu, yaani salio la maongezi, chini ya mwavuli wake. Siku njema humpa faida ya franki elfu kumi na mbili, siku mbaya elfu tatu. Lakini kazi inayomwamsha mapema hivi ni nyingine, na haina mshahara. Ni kufikisha habari za umoja wa wenye nyumba wa kambi ya zamani, nyumba zaidi ya mia moja ambazo kampuni iliwajengea wafanyakazi wake na baadaye, iliposhindwa kuzitunza, ikawauzia.

Utasema ni kazi ndogo. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposimuliwa yaliyompata jirani yake, Ernestine Mianda, mwezi wa nne mwaka huu.

Kwanza tumwache Mamie atupeleke nyuma kidogo, maana anapenda kurudi nyuma. Uso wake hunawiri akianza.

"Mi niliingia ku standard mwaka wa themanini," anasema. "Nilikuwa kasichana. Balitupatia robe, gauni ya bleu, na viatu vya kisigino. Kisigino, mu chumba kwenye hakuna mutu anakuona! Lakini chef wetu, mukubwa wa kazi, alisema sauti ya mwanamuke mwenye amevaa vizuri inasikika vingine."

Anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kisha anaanza kunihesabia vya zamani: king'ora kilichoamsha mji mzima, unga wa mahindi uliogawiwa kila mwezi, ua wa kila nyumba uliokatwa ukawa sawasawa na wa jirani, sinema ya Jumamosi kwenye bustani ya klabu. Anakumbuka hata harufu ya nta ya sakafu ya ofisi. Nilikuwa mtoto mdogo miaka hiyo, nami nikimsikiliza nilijikuta naikumbuka harufu ile ile, na sijui kama ni kumbukumbu yangu au ameniazima yake.

Sauti yake ilijulikana kuliko sura. Siku moja sokoni Manika alikuwa akibishania bei ya samaki wa kukauka, mwanamume asiyemfahamu, aliyekuwa nyuma yake, akageuka na kupiga kelele, "Standard!" Ni yeye aliyekuwa amempigia mtu huyo mgodini kumwambia mke wake amejifungua salama hospitalini. Yule bwana alilipa samaki wote.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja, na chef wake aliirudia kila asubuhi. Operata hachomoi waya wake kabla hajasikia sauti mbili, ya anayeita na ya anayeitika. Ukisikia moja tu, hujaunganisha kitu.

"Njo ile ilinifundisha maisha," anasema Mamie. "Kusema, kila mutu anajua. Shida ni kungoja ile sauti ya pili."

Halafu mambo yakaanza kuharibika, na yalipoanza hayakusimama. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika. Unga haukugawiwa tena. Siku moja king'ora hakikulia, na watu walisimama milangoni wakitazamana, wamevaa nguo za kazi, wasijue kama waende. Nyaya za simu nazo zikaibwa usiku kwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Mji uliochimba shaba ya dunia ukakosa shaba ya kuitia simu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Mamie huisema habari hiyo kwa kicheko kikavu, bado imemkera.

Kabla nyaya hazijaisha, ulikuja mwaka 1993. Hapo sauti ya Mamie hushuka.

Mwaka huo familia zenye asili ya mkoa wa Kasai zilifukuzwa Kolwezi, zikiambiwa si wenyeji. Walikuwa watu waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, waliozika wazazi wao hapa. Ernestine Mianda na mume wake Mulumba walikaa nyumba inayofuata ya Mamie, na ua wao ulikuwa mmoja. Mulumba alikuwa fundi wa mitambo, mtani mkubwa, mtu wa kuimba bafuni. Jioni moja vijana walipita barabarani na megafoni, wakitaja mtaa kwa mtaa nani aondoke. Asubuhi yake Ernestine alifunga sufuria zake katika kitenge na familia ikaenda stesheni. Walilala hapo majuma mengi, chini ya maturubai, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika mkoa ambao Ernestine hakuwahi kuuona.

"Mi nilikuwa ku standard," anasema Mamie. "Ba chef banauliza, fulani eko wapi, fulani juu ya nini hakuya ku kazi. Naita ku nyumba yake. Inalia, inalia. Naita ingine. Inalia. Nilishinda vile siku nzima, sauti moja tu, yangu. Sikupata hata moja ya pili."

Anajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kumuuzia unite mteja aliyekuwa akisubiri.

Ernestine na Mulumba walirudi baada ya miaka kupita. Walikuwa wameuza chumvi na sabuni huko walikotupwa, wakaja na akiba yao na kuinunua nyumba yao wenyewe kutoka kwa mtu aliyekuwa akiishi ndani yake. Mamie anasema siku waliyorudi alisimama uani akashindwa kusema hata karibu. Yeye aliyeishi kwa kusema! Mulumba alifariki miaka sita iliyopita, Ernestine akabaki peke yake. Humwita Mamie yaya, kwa maana ya dada mkubwa.

Sasa tuje kwenye mwezi wa nne. Umoja wa wenye nyumba ulipata habari kwamba wapimaji wa viwanja wangefika kesho yake. Kila mwenye nyumba awepo, apimiwe, aandikwe, hatimaye apewe karatasi halali ya kiwanja chake. Katika mji ambao migodi inasogea karibu na watu kila mwaka, mtu asiye na karatasi ni rahisi kuondolewa, na kila mmoja Dilala analijua hilo. Nyumba itakayokutwa imefungwa itaandikwa haina mtu.

Komite ya umoja ikakutana haraka. Hassani, mfanyabiashara wa misumari na mabati, alisema habari iwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba. Wenzake wakamzomea. Kundi hilo limejaa sala za asubuhi, picha za watoto wachanga na matangazo ya viatu, mengi yakiwa ya Hassani mwenyewe. Ujumbe ukitumbukia humo huzama. Tena nusu ya wazee wana simu kama ya Mamie, za kuita na kuitika tu.

Ndipo mwenyekiti, Tata Kyungu, dereva mstaafu wa magari makubwa ya mgodini, alipotoa megafoni mpya aliyoinunua Lubumbashi. Nyeupe, na kamba nyekundu ya kuvaa begani. Watu wakashangilia.

"Na mi nilipiga makofi," anasema Mamie. "Niandike vile vile, tata. Hatukuwaza. Shiye bote, hakuna hata mumoja."

Jioni hiyo Kyungu alipanda nyuma ya teksi-moto na kuzunguka mitaa yote, akitangaza kwa raha kubwa: "Ba proprietaire bote, benye nyumba! Kesho mubakie ku nyumba! Batakuya kupima ba parsele!"

Ernestine alikuwa uani akichekecha unga. Nilipomtembelea alinionyesha mahali alipokuwa amekaa, karibu na mlango wa jiko. Ni mwanamke mwembamba, mpole, anayezungumza akitazama mikono yake.

"Maneno nilisikia," aliniambia. "Alipita hapa karibu kabisa. Alisema mubakie, mi nilisikia mubakie. Lakini ile sauti ya mu chuma, ile ya kutetemeka, ilishakuya mbele. Mikono ilishaanza kufunga. Mi nilikuwa naiangalia tu, inafunga."

Mikono hiyo ilifunga sufuria kubwa, blanketi na picha ya Mulumba katika kitenge. Ikafunga mlango kwa kufuli. Kesho yake wapimaji walipofika na kamba zao, walibisha, wakaita, wakaandika kwamba nyumba haina mtu, wakaenda ya pili.

Mamie, nyumba yake ikiwa imeshapimwa, alimpigia. Simu ililia bila kuitikwa. Akampigia tena, kisha akakaa chini ya mwavuli wake.

"Ile kulia bila kuitika, niliishaisikia," anasema. "Nikajiuliza, jana nini ilipita hapa? Megafoni. Kiisha nikajua kwenye eko."

Akachukua teksi-moto hadi stesheni. Ernestine alikuwa ameketi kwenye ukuta, upande ule ule waliokaa mwaka 1993, furushi mbele ya miguu. Reli mbele yake zilikuwa tupu, majani yameota katikati.

"Treni itakuya lini, yaya?" aliuliza.

"Hakuna treni, Ernestine. Balikuya kupima parsele. Balikuya kukuandika, upate karatasi yako."

Ernestine alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio ambacho Mamie anasema hakuwa amekisikia tangu msiba wa Mulumba.

"Ya kwanza balinifukuza," alisema. "Hii nimejifukuza mi mwenyewe."

Wanawake hao wawili walirudi kwa miguu. Mamie alibeba furushi kichwani, na Ernestine akalishika kwa nyuma njia nzima, kana kwamba lingeweza kukimbia.

Habari ilimfikia Kyungu kabla hawajafika. Mzee huyo, aliyeendesha magari marefu kuliko nyumba bila kuogopa, alikuja kwa Ernestine bila viatu, kofia mkononi. Alisema, "Mama, unisamehe. Nilikuwa na furaha ya kale kachombo." Ernestine akamwambia akae, akampa maji. Megafoni ilipelekwa kwa kwaya ya kanisa moja la Manika, na Kyungu aliwaomba waitumie ndani ya ukumbi tu, madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha akaanza kuwafuata wapimaji kila walikokwenda, akimwombea Ernestine nafasi ya pili. Walimjibu kwamba wakimaliza mitaa mingine watarudi mara moja tu, na wakikuta mlango umefungwa tena, basi.

Hapo ndipo umoja ulipolazimika kukaa na kuuliza kwa makini, kwa mara ya kwanza, watu wake wataambiana mambo kwa njia gani. Mkutano ulifanyika nyuma ya duka la Hassani, kati ya mabati. Ulikuwa mrefu na wenye kelele. Mmoja alitaka kengele. Mwingine alitaka redio ya mjini, ambayo husoma matangazo ya vifo, akaulizwa kama anataka watu wasikie habari ya mfereji wa maji na kuanza kulia. Hassani aliitetea WhatsApp yake mpaka jasho likamtoka.

Mamie alisimama mwishoni. Kyungu anakumbuka alichosema, kwa sababu kilikuwa kifupi.

"Kila kitu munataja hapa kinajua kusema. Ninaomba ile yenye inajua kungoja."

Alieleza kanuni ya standard, ya sauti mbili. Akaomba apewe namba za wote na dakika za kuzungumzia. Atampigia kila mmoja, atamwambia, atasubiri ajibiwe. Wasio na simu atawafikia kwa njia ya zamani ya kambi. Jirani atasimama kwenye ua aseme "Odi!", angoje "Karibu," aseme neno lake uso kwa uso, kisha arudi kwa Mamie na jibu. Bila jibu, kazi haijaisha.

"Itachukua siku nzima," Hassani alilalamika.

"Niko na siku," Mamie alimjibu, na kikao kizima kikacheka, Hassani akiwa wa kwanza.

Umoja sasa humnunulia Mamie dakika kila mwezi. Kundi la WhatsApp halikufutwa. Limebaki kwa ajili ya watoto wachanga na viatu.

Mimi ni mtu wa magazeti, nalipwa kwa kusema. Naandika, gazeti linachapwa, nami nalala usingizi wangu bila kujua nani amesoma na amefanya nini. Nikiwa kwenye kibanda kile nikaona aibu kidogo. Nikaona pia wivu, maana watu hawa, waliopoteza kampuni, king'ora na unga, wameokoa kitu kimoja ambacho sisi wengine hatukukumbuka hata kukiokoa.

Wapimaji walirudi mwezi wa sita. Walimwarifu Kyungu siku moja kabla, Kyungu akakimbilia chini ya mwavuli wa manjano. Mamie alimpigia Ernestine kwanza kabla ya wengine wote.

"Allô, huku ni standard. Ernestine, kesho bale batu ba kamba banarudia. Batakuya ku nyumba yako. Unirudilie."

Mamie anasema hakuongeza neno. Alishikilia simu, kama zamani alivyoshikilia waya, mpaka sauti ya pili ikaja.

"Kesho," Ernestine alisema. "Ku nyumba yangu. Mi niko."

Alikuwepo. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi, na majirani walisimama kwenye ua mzima kana kwamba kuna harusi. Kamba ilitandazwa, pembe nne zikapigiliwa vigingi, jina lake likaandikwa. Kyungu alishikilia ncha ya kamba ingawa hakuna aliyemwomba.

Ningependa kumaliza hapo, lakini Mamie alinizuia. Alitaka nijue kwamba furushi halijafunguliwa. Tangu siku ile ya stesheni liko nyuma ya mlango, limefungwa kwa fundo lile lile. Ernestine hupikia kisufuria kidogo cha mtu mmoja. Nilipomuuliza mwenyewe, alinitazama kwa upole, akasema, "Kamba ni kamba, tata. Na karatasi ni karatasi. Woga ni kitu ingine."

Mamie ana mipango. Anataka kumfundisha Ernestine kazi ya kupiga simu, kwa sababu koo lake limeanza kuchoka na kwa sababu, anasema, umoja unahitaji sauti inayojua ni nini kuogopa sauti. Wameshaanza majaribio. Ernestine hupiga simu tano kila Jumamosi, na watu husema anangoja jibu hata kuliko mwalimu wake. Lakini tumaini kubwa la Mamie si hilo. "Ninataka ile sufuria kubwa itoke mu kitenge," anasema. "Sina ingine."

Mwavuli wa manjano sasa umefunguliwa, na foleni ya wateja imeanza. Mamie anawaomba wasubiri kidogo. Amebakiza simu moja, ile anayoiweka mwisho kila asubuhi ili asiharakishwe.

"Allô, huku ni standard. Ernestine, mayi itakatika mpaka mangaribi. Unirudilie."

Anasikiliza. Jibu linakuja na Mamie anaitikia kwa kichwa. Lakini haiondoi simu. Kuna jambo linasikika upande wa pili, mgongano wa chuma na jiwe, na anainamisha kichwa zaidi.

"Niko nasikia kelele. Unafanya nini?"

"Niko nateka mayi, mbele ikatike."

"Unateka na nini?"

Sauti ya pili inakawia. Mteja wa kwanza kwenye foleni anakohoa, na Mamie anamwinulia kiganja anyamaze.

"Na ile kubwa," anasema Ernestine. "Ukuye kula mangaribi, yaya. Nitapika mingi."

Mamie hajibu. Anabaki hivyo, simu sikioni, huku foleni ikirefuka, mpaka Ernestine mwenyewe anapouliza kutoka upande wa pili, "Allô? Standard? Munasikia?"

"Ninasikia," anasema Mamie. "Niko nakuya."